Ndege Iliyotua Kabla ya Wakati

Kwanza niseme wazi, nisije nikaeleweka vibaya na wale ambao kazi yao ni kuelewa vibaya: katika Jamhuri ya Utulivu hapajawahi kuanguka ndege. Ile ya Bonde la Mkese haikuanguka. Ilitua kabla ya wakati wake, mahali pasipokuwa pake, kwa kutanguliza pua. Hivyo ndivyo ilivyotangazwa, na mimi ndiye niliyetangaza, kwa sababu ndimi mwenye kipaza sauti cha kata. Ninayoyaeleza hapa mengine niliyaona nikiwa nimekishika kipaza sauti hicho, na mengine niliyasikia kikiwa kimezimwa.

Sisi watu wa Mkese ni wakulima wa mpunga. Mpunga wetu una adui mmoja, naye ni kwelea, kale kandege kadogo kenye mdomo mwekundu. Kakiwa peke yake hata paka hasumbuki nako. Lakini hakaji peke yake. Wanakuja kama wingu, wanashuka kama mvua, na wakiinuka yanabaki mabua. Ndiyo maana mpunga ukianza kutia maziwa, Mkese nzima huhamia mashambani kuamia ndege. Tunajenga madungu, yaani vichanja virefu vya miti, mtu anapanda juu kukiwa bado na umande, na huko anapiga debe, anarusha mawe kwa kombeo, anapiga ukelele mpaka koo linakauka.

Tuliomba msaada wa serikali. Serikali yetu haijapata kumnyima mtu msaada. Huuchelewesha tu ili uive. Kwanza alikuja mtaalamu, akatukusanya, akatufundisha kwamba kwelea ni ndege. Tulimpigia makofi. Kisha Waziri wa Anga, Kilimo na Shangwe, Mheshimiwa Profesa Kilumanga, akatangaza redioni kwamba vita dhidi ya kwelea vimekwisha na tumeshinda, na kwamba kuanzia siku hiyo hakuna kwelea katika Jamhuri. Tulishangilia kwa kupiga madebe, na kwa bahati nzuri kelele zile ziliwafukuza kwelea waliokuwa shambani wakati huo.

Hatimaye nchi moja rafiki ikatuzawadia ndege ya kuulia ndege. Ilikuwa ndogo, injini moja, viti viwili, na tangi la dawa tumboni. Ubavu wa kushoto iliandikwa Namba Moja, ubavu wa kulia Namba Mbili, hivyo Jamhuri ikawa na kikosi. Siku ya gwaride ilipita juu ya uwanja ikielekea mashariki, ikarudi ikielekea magharibi, na mabalozi wakanong'ona kwamba sasa tunatisha.

Na rubani wake, heshima gani hiyo, alikuwa mtoto wetu wa Mkese: Kapteni Shamte Mapande.

*

Shamte alilelewa na dada yake, Sikudhani. Wazazi wao walifariki Shamte akiwa hajang'oa meno ya utotoni, na Sikudhani mwenyewe alikuwa msichana tu. Alikuja mwanamume wa kumposa, mtu mwenye duka na baiskeli, akasema anataka mke, hataki mke na kitoto. Sikudhani akamrudishia posa yake. Akawa anaamia mashamba ya watu kwa ujira wa mpunga, na yule mdogo wake kamfunga mgongoni juu ya dungu. Wanawake waliokuwa wakiamia naye wanasimulia kwamba mtoto alizoea kelele za debe hata akawa hapati usingizi penye kimya.

Huko juu ndiko alikojifunza kutazama mbali. Alipochaguliwa kwenda ng'ambo kusomea urubani, Sikudhani alimfungia mkate wa kumimina kwenye kitambaa, akamwambia asiwape wenzake wote, abakishe wa kwake. Aliporudi amevaa miwani nyeusi, waandishi walimuuliza nani amemfikisha hapo alipo. Akajibu kwamba ni Mtukufu Mlezi, Baba wa Jamhuri. Sikudhani aliyasikia hayo kwenye redio ya jirani, akacheka.

"Ndivyo wanavyofundishwa kusema," alisema. "Mwenyewe anajua."

Mwaka huo mpunga wetu ulikuwa haujapata kuwa mzuri kiasi kile. Ulisimama shambani kama nywele za mtu aliyetoka kinyozi. Ulipoanza kutia maziwa, kwelea waliokwisha kumalizwa redioni wakaja wengi kuliko miaka yote. Ndipo simu ya Sikudhani ilipolia. Mkese mtandao haupatikani chini. Unapatikana ukipanda dungu. Alikuwa juu, peke yake.

"Dada, shikamoo."

"Marahaba, baba. Mbona sauti yako hivyo? Umekula?"

"Nimekula. Sikiliza, dada. Jumamosi nakuja."

"Unakuja nyumbani?"

"Nakuja juu. Nitapita chini chini, kimo cha mnazi. Waambie watu siku hiyo wasiamie. Wasipige debe hata moja. Waache kwelea washuke wote, watulie."

"Tuache? Shamte, mpunga uko kwenye maziwa. Asubuhi moja tu na tumekwisha."

"Wakiwa wametawanyika dawa haiwapati, dada. Lazima watulie."

"Na dawa ipo?"

Pakawa kimya kidogo. Sikudhani akadhani ni mtandao, akainua simu juu.

"Tangi limejaa, dada," Shamte akasema.

Jioni ile Sikudhani alipita nyumba kwa nyumba. Wengi walikubali haraka, walikuwa wamechoka. Aliyegoma ni Chiku, ambaye shamba lake linapakana na la Sikudhani. Hawa wawili walikuwa wakikopeshana chumvi, ungo na siri tangu ujana wao.

"Serikali ilituambia kwelea wamekwisha," Chiku alisema. "Leo inakuja kuua waliokwisha? Mimi na debe langu, na debe na mimi."

"Siyo serikali inayokuja, Chiku," Sikudhani akamwambia. "Ni Shamte."

Chiku akamtazama sana, halafu akalipeleka debe lake uvunguni mwa kitanda.

*

Jumamosi hiyo ilikuwa pia katika Wiki ya Siku ya Kuzaliwa kwa Mtukufu Mlezi, ambaye kwa ukubwa wake hawezi kuzaliwa kwa siku moja. Sisi wa Mkese hatukuyaunganisha mambo hayo mawili. Tulisimama kandokando ya mashamba, tumejifunga vitambaa vilivyoloweshwa puani tusije tukavuta sumu. Sikudhani peke yake alipanda dungu lake, amevaa gauni la Idi, ili mdogo wake amwone.

Kimya kile sitakisahau. Kwelea walikuja kutoka upande wa mto, wakazunguka mara moja wakisubiri kelele, hawakuzisikia. Wakashuka. Shamba zima likawa linatembea. Ungesikia mpunga unavyobanguliwa, mlio kama wa moto unaounguza majani mabichi. Mama mmoja akaanza kulia kwa sauti, wenzake wakamziba mdomo asije akawashtua.

Ndipo ndege ikatokea, kwa chini kweli, kivuli chake kikikimbia mbele yake. Nilikuwa na redio yangu begani, nayo ikaanza kusema. Mheshimiwa Profesa Kilumanga alikuwa amekaa kiti cha nyuma ya Kapteni, akilitangazia taifa moja kwa moja.

"Ndugu wananchi! Kwa heshima ya kuzaliwa kwa Mtukufu, leo anga ya Jamhuri itanukia!"

Kutoka tumboni mwa ndege ukamwagika ukungu mweupe, ukatushukia taratibu. Watu wakajikunyata. Chiku ndiye wa kwanza kutoa kitambaa puani. Akanusa mkono wake, akanusa hewa.

"Mbona inanukia harusi?" akasema.

Yalikuwa marashi ya waridi. Tangi zima. Baadaye tulielezwa kwamba dawa yenyewe ilikuwa bado iko kwenye mchakato.

Kwelea, kwa upande wao, waliendelea kula.

"Rudi tena, Kapteni, uteremke!" redio ikasema. "Nataka wauone uso wangu. Nataka nione wanavyolia kwa furaha."

"Mheshimiwa, tayari tuko chini ya vilele vya miti."

"Basi shuka chini ya miti. Sisi serikali tukose pa kupita?"

Ndege ikageuka, ikaja safari hii ikiwa chini kiasi kwamba niliona misumari midogo ya bawa. Kwelea wakashtuka. Waliinuka wote kwa mpigo mmoja, bonde zima likapanda juu kama mtu amekung'uta shuka nyeusi, na ndege ikaingia humo ndani. Tulisikia injini ikikohoa. Ilitoka upande wa pili kioo kimejaa damu na manyoya, bawa limeinama, ikielekea moja kwa moja kwenye dungu la Sikudhani.

Sikudhani aliruka. Bawa likalikata dungu kama mtu anayevunja kijiti cha meno, na ndege ikatua kabla ya wakati wake, kwenye jaruba la Chiku, matope yakaruka hadi barabarani.

Aliyefika wa kwanza ni Sikudhani, anaburuta mguu. Wengine walisimama kwa hofu ya mlipuko, maana harufu ya petroli ilichanganyika na ya waridi. Yeye aliingia hadi kiunoni, akaupiga mlango kwa kiwiko, akamvuta mdogo wake kwa makwapa kama alivyokuwa akimtoa mtoni alipokuwa mtoto. Mkono wa Shamte ulikuwa umevunjika. Sikudhani akachana upindo wa gauni lake la Idi, akaufunga.

"Dada," Shamte alikuwa akilia. "Dada, dada."

"Nipo. Tulia. Nipo."

Akarudi akamtoa na Waziri. Mheshimiwa alipotema matope, neno lake la kwanza kwa wananchi lilikuwa: "Nani amezima redio?"

*

Kabla ya adhuhuri wanajeshi walikuwa wamefika. Walizungushia kamba mashamba yote ya Mkese kulinda mabaki ya chombo cha dola. Hakuna kuingia, hakuna kupiga kelele, tusije tukavuruga ushahidi. Kwelea hawakuambiwa. Kwa juma zima tulisimama nje ya kamba, tukiwatazama wanavyomaliza. Afisa aliyekuwa zamu alikuwa mtu mwenye huruma. Alituruhusu tulie, ila kwa zamu.

Watu wakaanza kumtazama Sikudhani vibaya. Yeye alikuwa akimtetea ndugu yake kila kona.

"Walimdanganya," alisema. "Wamejaza marashi wakamwambia dawa. Kadanganywa kama sisi. Ngojeni tume ije, atasema."

Tume ikaja, maana kama kuna kazi ambayo Jamhuri yetu haina mpinzani ni kuunda tume. Iliitwa Tume ya Kuchunguza Kutua Kabla ya Wakati. Mwenyekiti alikuwa Jaji mstaafu Kitwana, mtu mwenye usingizi wa kuheshimika. Walipiga hema kwenye uwanja wa shule, nami nikaitwa na kipaza sauti changu.

Kazi yao ilikuwa ngumu, tusiwaonee. Sababu haikuweza kuwa Waziri, kwa kuwa ndiye aliyeiteua tume, na alikuwa ameketi mstari wa mbele na kola ya plasta shingoni. Haikuweza kuwa rubani, kwa kuwa aliteuliwa na Mtukufu Mlezi, na Mtukufu hateui vibaya. Haikuweza kuwa ndege yenyewe, kwa kuwa ilikuwa zawadi, na aliyetoa alikuwa anafikiria kutupa nyingine. Haikuweza kuwa maneno yaliyosikika redioni, kwa kuwa walioyasikia walishashauriwa kwamba hawakuyasikia. Ukishawaondoa hao wote, tulikuwa tumebaki sisi.

Akaitwa Chiku.

"Waliinuka ndege wengi, wakaivaa ndege," Chiku akaeleza.

Jaji akafumbua jicho moja. "Shahidi, fafanua. Unaposema ndege, ni wa serikali au wa Mwenyezi Mungu?"

"Wa Mungu waliivaa ya serikali."

"Hao wa Mungu ni ndege gani?"

"Kwelea."

Karani akamnong'oneza Jaji sikioni. Jaji akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Hao walishamalizwa rasmi. Tume haiwezi kusikiliza habari za kitu kisichokuwapo. Andika: vitu vidogo vyenye mabawa. Sasa, shahidi, kwa nini siku hiyo hamkuvifukuza vitu hivyo?"

"Tuliambiwa tuache."

"Na nani?"

Chiku akasita, akageuza macho. "Na Sikudhani."

Sikudhani akasimama kabla hajaitwa. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo, nusura atabasamu.

"Ni kweli, nimewaambia mimi. Na mimi niliambiwa na ndugu yangu kwa simu. Huyo hapo. Muulizeni."

Shamte akasimama. Alikuwa na sare mpya, mkono wake umening'inizwa kwa kitambaa cheupe, na mabegani nyota zimeongezeka, kwa kuwa alipandishwa cheo kuwa Meja kwa ushujaa wa kutua.

"Meja," Jaji akauliza, "uliwasiliana na huyu mama kabla ya safari?"

"Hapana, Mheshimiwa Mwenyekiti."

Watu hemani wakageukiana. Sikudhani aliinamisha kichwa upande, kama mtu ambaye hakusikia vizuri.

"Unamfahamu?"

"Ni mkazi wa eneo hili. Niliwahi kuishi kwake nilipokuwa mdogo."

"Kama nani?"

Waziri, kwa shida, kwa ajili ya ile kola, akageuza mwili mzima kumtazama.

"Tuseme kama mpangaji."

"Shamte," Sikudhani akaita, bila kipaza sauti. "Niangalie, baba."

Hakumwangalia. Aliangalia meza ya Jaji.

"Si useme tu kwamba ulinipigia? Hawatakufanya kitu. Sema, baba, twende zetu tukale."

"Mheshimiwa Mwenyekiti," Shamte akasema, na sauti yake ilikuwa ile ya redioni, "naomba shahidi azuiwe kuniita kwa jina."

Hapo kipaza sauti changu kilizimika. Nilieleza kwamba ni betri.

*

Ripoti ilitoka upesi. Mimi ndiye niliyeisoma. Ilibainika kwamba mkazi mmoja wa Mkese alisimamisha jengo refu kwenye njia ya anga bila kibali. Kwamba alipanda juu yake akiwa amevaa rangi za kuchanganya marubani. Na kwamba kwa makusudi aliwashawishi wenzake wanyamaze, kitendo kilichosababisha mrundikano wa vitu vidogo vyenye mabawa. Kwa hiyo madungu yote nchini yabomolewe. Madebe yote yakabidhiwe ofisi ya kata. Waziri atunukiwe Nishani ya Uvumilivu wa Shingo. Na mabaki ya ndege yawe Mnara wa Taifa, ambao Sikudhani Mapande ataulinda bila ujira dhidi ya uharibifu wa aina yoyote, ukiwamo wa vitu vyenye mabawa, na bila kupiga kelele.

Jioni ile Jamhuri ilitangaza maombolezo kwa ajili ya ndege zake zote mbili.

Sikudhani akaanza kazi. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa kando ya mabaki, mguu wake mbovu kaunyoosha mbele. Kwelea walijenga viota kwenye mabawa, na hasa ndani ya tangi, nadhani kwa ajili ya harufu. Akiinuka kuwatimua kwa kitambaa, polisi humkumbusha asiwatimue kwa fujo.

Njaa iliingia Mkese kimyakimya. Kwanza watu waliacha kula mchana. Kisha waume wakaanza kuondoka kwenda kutafuta vibarua kwenye mashamba ya wakubwa huko nyanda za juu. Mume wa Chiku aliondoka, na habari zake hazikurudi. Kila asubuhi Chiku alipita mbele ya Sikudhani akienda kuchimba mizizi, na kila asubuhi hakusalimia. Siku moja Sikudhani alishindwa, akamwita.

"Chiku. Nitukane basi."

Chiku akasimama, jembe begani.

"Nikutukane nini? Mimi na serikali hatuna ugomvi. Serikali sikuiamini hata siku moja, kwa hiyo haijanifanyia kitu. Niliyemwamini ni wewe."

Akaenda zake. Lakini hata baada ya hapo, mtu akimtaja Shamte kwa ubaya mbele ya Sikudhani, alikuwa akisema: "Mlikuwa mnataka afanye nini mbele ya wale? Walimbana. Mwoga siyo mwizi." Alisema hivyo kwa ukali, halafu alikaa muda mrefu akitazama mikono yake.

*

Shamte alikuja mvua zilipokatika, mchana, kwa gari la serikali. Hakuvaa sare. Dereva wake alishusha gunia la mchele wa kutoka ng'ambo, wenye picha ya tembo. Mimi nilikuwa napita, kama ninavyopita mara nyingi penye gari la serikali.

"Hodi," Shamte aliita uani.

"Karibu," Sikudhani akajibu kutoka ndani. Alipotoka na kumwona, alisimama kidogo, kisha akarudi ndani akaleta mkeka mpya, ule ambao ulikuwa haujafunguliwa. Akatuma mtu kwa Chiku kuomba kiti. Chiku akakileta mwenyewe, nafikiri kwa kutaka kuona, akabaki amesimama mlangoni.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Habari za safari?"

"Nzuri."

"Wa nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo. Dada..."

"Karibu kiti."

Shamte hakukaa kwenye kiti. Alichuchumaa chini, mkono wake uliopona vibaya ukiwa mapajani.

"Dada, siku ile pale hemani..."

"Ile nimeshakusamehe," Sikudhani akasema. "Uliogopa. Mtu akiogopa husema lolote. Nililia nikamaliza, huna haja ya kuirudia. Mimi nina swali moja tu, na nakuomba unijibu. Siku ile uliponipigia simu, nikakuuliza kama dawa ipo. Ulijua tangini mna nini?"

Kuku walikuwa wakiparura uani. Shamte akawatazama.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua kabla hujapiga?"

"Nililijaza mwenyewe, dada."

"Sasa kwa nini ulituambia tuache kuamia? Kama mna marashi, si mngemwaga tu marashi yenu, sisi tukaendelea na madebe yetu?"

Alijibu kwa sauti ndogo.

"Waziri alitaka kimya. Madebe yangeingia kwenye matangazo. Akaniambia, huko ndiko kwenu, watakusikiliza. Nikaona ni asubuhi moja tu. Nikaona watu wengine wangekasirika, lakini wewe ungenielewa."

Chiku alikuwa ameweka kiganja mdomoni. Sikudhani alikuwa akimtazama Shamte kama mtu anayejaribu kukumbuka alimwona wapi. Mimi mwenyewe, ambaye katika maisha yangu sijapata kukosa la kutangaza, sikuwa na la kutangaza.

Mwishowe Sikudhani akainuka, akaenda jikoni akichechemea. Shamte naye akainuka haraka.

"Ngoja nikusaidie, dada. Nikoke moto."

"Hapana, hapana," Sikudhani akasema kwa upole. "Kaa. Utachafuka."

"Nichafuke nini? Mimi si mgeni hapa."

"Tafadhali kaa. Chai inakuja."

Akamletea chai katika kikombe chenye kisahani, kile cha kabatini, pamoja na viazi vitamu kwenye sahani iliyofunikwa kawa. Akamwagia maji ya kunawa, kwa mikono miwili. Akamuuliza huko mjini mvua zikoje. Akamuuliza kama barabara imetengenezwa. Shamte alikuwa anatafuna na machozi yanamtiririka, na kila alipotaka kusema neno, Sikudhani alimkaribisha aongeze kiazi. Gunia la mchele alilipokea kwa shukrani, akasema kwamba majirani wote watafurahi, akamwomba Chiku alichukue akawagawie.

"Dada, nigombeze," Shamte akasema. "Nipige basi."

"Mgeni hapigwi," akajibu. Haikuwa kejeli. Alikuwa anamweleza tu.

Jua lilipoanza kupungua alimsindikiza mpaka kwenye gari, kama inavyopasa. Alitembea pole pole kwa ajili ya mguu, na Chiku alikuja nyuma yake hatua chache, kisha akamfikia na kumshika mkono. Dereva akawasha injini. Sikudhani akamfungulia Shamte mlango, akampa mkono, akasema kwa sauti ile ile tunayowasemea wakaguzi wa elimu na watu wa chanjo:

"Ahsante sana kwa kututembelea. Wasalimie huko utokako."